MREJESHO: Nimejifunza skii Ski Dubai

Haya wadau, niliuliza kama mtu wa Mombasa asiyewahi kuona theluji anaweza kujifunza skii (kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu za miguuni, nazo zinaitwa skii) pale Ski Dubai, ule ukumbi wa ndani wenye theluji, akienda kufuata mzigo, mkaniambia nichukue mwalimu kwanza. Asanteni sana, inawezekana kabisa.

Buti ndo kila kitu. Soksi moja tu, nyepesi na ndefu ipite buti, usivae mbili eti kuna baridi (ndani ni kama nyuzi 2 chini ya sifuri, koti na suruali wanakupa). Ukisimama wima vidole viguse mbele, ukikunja magoti virudi nyuma kidogo, halafu ugoko uegemee ulimi wa buti muda wote, maana ukiona mteremko mwili wenyewe unataka kurudi nyuma kwa woga na ukirudi tu basi skii zinakukimbia, ukiegemea mbele zinatii.

Ukitaka kusimama ukiwa unateleza, ncha za mbele za skii zikaribiane, nyuma utanue kama kipande cha pizza. Kona ya kushoto unakandamiza mguu wa kulia. Njia ndefu ya kuteleza pale ni mita 400, ila kama hujui kusimama na kukata kona hawakupandishi, na wako sawa.

Na aliyesema huu si mchezo wetu, mwanaskii Sabrina Simader kazaliwa hapo Kilifi tu, kaiwakilisha Kenya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018!

Sasa naweka akiba ya kwenda Afriski, kituo cha skii kule Lesotho, kule ni mlima wenyewe zaidi ya mita 3,000, msimu Juni hadi Agosti. Mtu wa Pwani anayetaka tuende pamoja aseme.