Kazi ya mteja wa siri dukani: itanipunguzia makali ya Krismasi au najisumbua?

MamaWawili

Habari za saa hizi wakuu. Niko Houston, Texas, mwaka wa sita huu, nahudumia wazee zamu ya usiku. Naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni kwanza.

Krismasi ya mwaka huu familia ya shemeji inatoka Dallas kuja kula kwetu. Tutakuwa watu kumi na mmoja, na huyo shemeji ukimwekea pilau ya kuku anaanza kuchungulia jikoni, mbuzi yuko wapi. Na Moshi nako wanasubiri. Mnatujua Wachaga, Desemba usipopanda wewe basi ipande hela yako. Nimepiga hesabu: mbuzi, mchele wa basmati mfuko wa ratili 20, mafuta, viungo, vitunguu, unga wa chapati, soda za watoto. Dola 340, na vinywaji vya wakubwa sijagusa.

Dada mmoja Mfilipino kazini kanionyesha mchongo wa mteja wa siri. Unaingia dukani kama mnunuzi yeyote, unanunua ulichoelekezwa, unaangalia huduma na usafi, ukirudi nyumbani unajaza ripoti. Unalipwa ujira kidogo na unarudishiwa hela ya ulichonunua, ila kuna kikomo. Nimejisajili kampuni mbili, moja nimeshaifanyia kazi.

Sasa juzi imekuja bahasha kwa posta. Ndani kuna cheki ya dola 2,450 na barua: niiweke benki, nichukue 400 ujira wangu, zinazobaki ninunue kadi za zawadi dukani kisha niwatumie picha za namba za nyuma, eti nakagua huduma ya kadi. Hiyo kampuni siikumbuki kabisa. Mume wangu anasema hela ikionekana kwenye akaunti basi ni halali. Mimi roho inasita.

MbebaBoksiMstaafu

Mama Wawili, roho yako ina akili kuliko mumeo, mwambie nimesema mimi. Hiyo cheki ni feki. USIIWEKE BENKI.

Iko hivi. Sheria ya Marekani inailazimisha benki ikuachie hela ya cheki ndani ya siku chache, kabla cheki yenyewe haijathibitishwa kule ilikotoka. Kwa hiyo utaiona hela, utanunua kadi, utatuma namba, na ndani ya dakika chache kadi zimekombwa. Baada ya wiki mbili au tatu cheki inarudi imekataliwa, na benki inakudai wewe zile 2,450 zote. Tapeli humwoni tena. FTC, shirika la serikali ya Marekani la kulinda walaji, wamekuwa wakiwaonya watu juu ya mchezo huu miaka na miaka, na jina wanalolitumia matapeli ndilo hilo hilo la mteja wa siri. Ripoti kwao, wana ukurasa wa kuripoti utapeli.

Kazi halali hawakutumii hela kabla. Unatoa yako mfukoni, wao wanakurudishia baadaye. Akikudai ada ya kujiunga, kimbia. Chama cha kampuni hizi kinaitwa MSPA, kina orodha ya wanachama wake mtandaoni, kajiangalizie jina la mwajiri wako kabla hujampa namba yako ya Social Security.

KiboshoGirl

Nakazia hapo juu. Binamu yangu Maryland aliliwa 1,900 kwa bahasha kama hiyo hiyo. Mpaka leo ukimtajia kadi ya zawadi anabadilisha mada.

FundiRisiti

Tuache wezi, turudi kwenye swali lake. Inalipa?

Nimeifanya miaka minne, Columbus, Ohio. Duka la chakula ndilo linalolipa kidogo kuliko yote. Dola 10 mpaka 15, na unarudishiwa manunuzi ya dola 5 au 10. Piga hesabu ya mafuta ya gari, dakika 40 za kuzunguka dukani, saa nzima ya ripoti. Mama Wawili, hiyo ya kwanza ilikuchukua muda gani? Sema ukweli.

MamaWawili

Haha, umenishika pabaya.

Nilipewa duka la maili sita kutoka nyumbani. Nilitakiwa niende kaunta ya nyama zilizokatwa, niombe robo ratili ya bata mzinga, nihesabu muda tangu nisimame mpaka nisalimiwe. Sekunde 47. Halafu niende kwenye matunda, nitazame kama kuna kilichooza. Halafu nimuulize mfanyakazi yeyote bidhaa fulani iko wapi, nione kama ananipeleka mpaka kwenye rafu au ananionyesha kwa kidole tu. Halafu chooni. Halafu kwa keshia, jina lake nilisome kifuani na nilishike kichwani mpaka nitoke.

Nilijifungia choo cha duka naandika kwenye simu "Denise, miwani, sekunde 47", na mwanangu wa miaka mitano yuko mlangoni anapiga kelele: "Mama, mbona unaandika chooni?" Kwa sauti ya Kiswahili, namshukuru Mungu.

Ripoti saa moja na nusu, maana walinirudishia mara ya kwanza: nimeandika "huduma nzuri", wanataka nieleze nzuri kivipi. Ujira 12, nikarudishiwa 8. Sijalipwa bado.

FundiRisiti

Na hapo ndipo penye shida yako. Hujalipwa na hutalipwa leo. Nyingi zinalipa mwezi unaofuata, nyingine siku 45, nyingine 60. Leo tuko mwanzoni mwa Novemba. Kazi ya wiki hii inaweza kuingia baada ya shemeji kula mbuzi na kurudi Dallas. Mimi za Desemba huanza kuzifanya Septemba.

Ushauri wangu:

Ingia kwenye akaunti zako siku za mwisho wa mwezi. Kazi ambazo hazijapata mtu wanaziongezea bonasi, maana mteja wao anataka ripoti zikamilike kabla mwezi haujaisha. Ile ya dola 12 nimeiona ikifika 30. Nyakati za sikukuu ndiyo zaidi, kwa sababu watu wamesafiri na hakuna anayetaka kupanga foleni.

Usifuate kazi, kazi ikufuate. Kama zamu yako inaisha saa moja asubuhi na duka liko njiani, chukua. Maili sita kwenda na sita kurudi kwa dola 12 ni kujichosha.

Hela ya marejesho inunue kitu ambacho ungenunua hata hivyo. Wameruhusu chochote cha dola 8? Nunua vitunguu na tangawizi, usiniletee keki. Na duka moja hawakuruhusu kurudi mpaka upite mwezi au miezi mitatu, kwa hiyo ukiona duka lako lina bonasi ndogo, subiri.

Za kulipa haraka ni za programu za simu kama Field Agent: piga picha rafu, angalia bei, ondoka. Dola 4, 6, 8.

MsomiMaskini

Wakuu samahani kudandia uzi. Mimi ni mwanafunzi hapa Kansas, viza ya F-1. Naweza kujisajili? Hela ya chakula inanisumbua kweli.

MbebaBoksiMstaafu

Mdogo wangu, hapana. Hii inahesabika kama kazi ya kujitegemea, unajaza W-9, fomu ya kodi, kama kontrakta. Kwa F-1 bila kibali ni kufanya kazi kinyume cha viza, hata iwe dola 12. Usichezee viza kwa robo ratili ya bata mzinga. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni waulizie kazi za ndani ya chuo, na uulize kama chuo kina stoo ya chakula cha bure. Vyuo vingi vinazo na hawakuulizi maswali mengi. Nimekula huko miaka miwili, sioni aibu.

MsomiMaskini

Asante mkuu. Ya stoo sikuijua kabisa.

KiboshoGirl

Na wenye green card msijisahau kodi. Faida ya kujiajiri ikifika dola 400 kwa mwaka unaitangaza, hata kama hujatumiwa fomu yoyote. Andika maili zako, mwaka 2025 IRS, watu wa kodi, waliruhusu senti 70 kwa maili. Mara nyingi maili zinameza ujira wote, ambayo ni habari njema kwa kodi na mbaya kwa wewe 😂

Mzaramo_Original

Hata huku Dar zipo. Niliwahi kuzungukia matawi ya benki moja najifanya nataka mkopo. Tawi la tatu meneja akanipenda, akataka nisaini siku hiyo hiyo. Nilitoka mbio.

KiboshoGirl

Mama Wawili, nikuambie la dada kwa dada. Mbuzi usinunue peke yako. Sisi huku tunachangishana familia tatu, tunaenda kwa muuza nyama wa Kisomali, tunachukua mzima, tunagawana. Na risiti zote piga picha kwenye Ibotta na Fetch, programu za simu zinazokurudishia hela kidogo, kitandani, bila kuhesabu sekunde za mtu. Tena uko Texas: miaka ya nyuma maduka ya H-E-B yalikuwa yanatoa bata mzinga bure ukinunua kitimoto ya kuoka. Chungulia matangazo yao, hata kama shemeji ataguna.

MamaWawili

Ameguna tayari na hajafika.

Nimewasoma wote. Cheki nimempelekea meneja wa benki aione, hakumaliza hata kusoma barua, akacheka. Mume kanyamaza, leo kaosha vyombo bila kuambiwa.

Kazi ya duka nitachukua zile za njiani tu, na za mwisho wa mwezi. Tayari nimepata moja ya tarehe 29, wameiongeza hadi 26, iko karibu na kituo changu cha mafuta. Nikizipata tatu za namna hiyo, hata zikilipwa Januari, zitarudisha hela ya mchele na mafuta niliyoweka kwenye kadi. Mbuzi nimeshaongea na mama mmoja wa Kenya jirani na dada wa Burundi tunayesali naye. Kila nyumba inatoa 85.

Swali limebaki moja: kichwa na utumbo anachukua nani? Yule wa Kenya anataka kichwa, na shemeji kapiga simu jioni hii anasema supu aachiwe yeye.