Mjadala: Octavia Butler alikuwa nabii, au tunamnyang'anya jasho lake?

Wakuu, kila California ikiungua, jina la Octavia Butler, mwandishi wa riwaya wa Marekani, linarudi mitandaoni: nabii! Riwaya yake ya 1993, Parable of the Sower, inaanza Julai 2024. Mvua hakuna, maji ni ghali kuliko petroli, watu wamejifungia nyuma ya kuta na moto unawanyemelea. Januari 2025 mji wa Altadena, hukohuko California, ukateketea kweli, na ndiko alikozikwa. Naelewa kwa nini watu wanasisimka, ila jina hilo la nabii nalipinga kabisa.

Alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947. Baba mng'arisha viatu, akafariki binti angali mdogo. Mama alifanya kazi za ndani kwa wazungu, akiingilia mlango wa nyuma. Octavia mwenyewe alisumbuliwa na disleksia, maandishi yalikuwa mlima kwake. Bado akawa anaamka saa nane usiku aandike, kisha anakwenda kwenye vibarua: kuosha vyombo, kukagua krispi kiwandani. Alikusanya habari za magazeti kuhusu ukame, magereza, shule zinazokufa. Mwaka 2000 alieleza waziwazi kwamba matatizo yale hakuyabuni; aliyatazama tunavyoyapuuza, akayapa kama miaka 30 yakomae. Hiyo ni kazi, tena kazi ngumu. Ukimwita nabii unasema aliletewa.

JIBU: Mkuu, tatizo liko wapi? Kitabu kiliingia orodha ya vinavyouzwa sana ya gazeti la New York Times mwaka 2020, miaka 14 baada ya kifo chake. Hayo maneno ya unabii ndiyo yanayoleta wasomaji.

JIBU: Mimi nasimama na unabii. Mwendelezo wa kitabu hicho, Parable of the Talents wa 1998, una mgombea urais anayenadi kuirudishia Marekani ukuu wake. Hilo nalo alilitoa gazetini?

MLETA MADA: Ndiyo, ndugu yangu. Kaulimbiu hiyo Ronald Reagan aliitumia kwenye kampeni yake ya urais ya 1980, na kabla ya hapo alikuwa gavana wa California kuanzia 1967 hadi 1975. Octavia aliishi chini yake akiwa kijana, akimsikiliza. Na wewe wa wasomaji, nafurahi wameongezeka, lakini wengi wanakuja kuwinda utabiri uliotimia, wanampita Lauren, binti wa miaka 15 anayeyahisi mwilini mwake maumivu ya mwenzake. Huyo ndiye moyo wa kitabu.

Mwenye jambo ndani ya riwaya zile mbili ambalo halikuwa na dalili yoyote wakati anaziandika, alilete hapa tulijadili.