Mjadala: Kijani kushika Mid Suffolk, ni mazingira, hasira au kubisha hodi?

Mleta mada (Stowmarket):
Wanajamvi, salaam. Mada hii najua itatugawa.

Mei 2023 Chama cha Kijani kilichukua halmashauri ya wilaya ya Mid Suffolk, mashariki mwa England. Viti 24 kati ya 34. Conservative, chama kilichokuwa serikalini wakati huo, walikuwa na 16 wakabaki na 6, Liberal Democrats 4, Labour patupu. Kabla ya hapo Kijani hawakuwahi kupata wingi wa madiwani peke yao katika halmashauri yoyote ya England. Na hapa si mjini kwa wanafunzi na baiskeli. Ni mashamba ya ngano, mabanda ya nguruwe, vijiji vya kanisa moja na baa moja.

Sasa, wazee hawa wa kijijini walipigia kura mazingira, au walikuwa wanawachapa wenye serikali tu?

Mimi nasema si hili wala lile. Walimpigia mtu wanayemjua, anayewabishia hodi mlangoni. Mimi mbeba boksi, ninarudi kazini alfajiri, na kipeperushi cha Kijani nakikuta chini ya mlango hata Novemba, uchaguzi uko mbali. Hakisemi habari za barafu kuyeyuka. Kinasema habari za shimo barabarani na nyumba mpya zinazojengwa bila zahanati.

Mnaodai ni mazingira, tazameni Brighton. Huko ndiko walikopata mbunge wao wa kwanza, Caroline Lucas, mwaka 2010. Uchaguzi uleule wa Mei 2023 wakabaki na viti 7, Labour wakazoa 38 kati ya 54. Kwa nini? Walikuwa wameshika usukani, na 2021 wazoa taka walipogoma, mifuko ilirundikana barabarani. Diwani wa wilaya kazi yake ni pipa la taka, kibali cha ujenzi, nyumba za halmashauri. Shule, barabara na matunzo ya wazee ni vya kaunti, ngazi iliyo juu ya wilaya. Hata hiyo kodi ya nyumba wilaya inaikusanya, halafu fungu kubwa linakwenda kaunti.

Mchangiaji (Leicester):
Mkuu, umezunguka sana. Ni hasira, basi. Siku hiyo Conservative walipoteza viti zaidi ya 1,000 England nzima. Watu walikuwa wametoka kwa waziri mkuu Boris Johnson na sherehe zake za wakati wa korona, wakaingia kwa Liz Truss aliyekaa madarakani siku 49 na kuacha riba za mikopo ya nyumba zimepaa. Mkulima ambaye babu yake alikuwa Conservative hawezi kuamka asubuhi akawa Labour. Kijani ni mlango wa nyuma, anatoka bila majirani kumsema.

Mleta mada:
Nakubali nusu. Hasira inaeleza kwa nini embe lilianguka, haielezi kwa nini Kijani ndio walikuwa chini ya mti na kikapu. Mwaka 2019, kabla ya Truss, walishakuwa na viti 12 hapa. Hivyo vilitoka wapi?

Mchangiaji (Ipswich):
Naomba niwaguse panapouma: nguzo za umeme. Kuna mradi wa njia kubwa ya umeme kutoka Norwich hadi Tilbury, kilomita 180 hivi, unaopita Suffolk. Umeme wenyewe kwa sehemu kubwa ni wa upepo wa baharini, kitu ambacho Kijani wamekihubiri miaka yote. Julai 2024 Adrian Ramsay wa Kijani akashinda ubunge wa Waveney Valley, jimbo linalochukua na kipande cha Mid Suffolk, na mara akaomba mradi usimamishwe kwanza, njia nyingine ziangaliwe. Wanataka umeme safi, ila usipite juu ya shamba lao! Mnaita kubisha hodi, mimi naita kulinda mandhari na bei ya nyumba.

Mleta mada:
Hapo umenishika, sitajitetea sana. Ila uamuzi wa nguzo ni wa serikali kuu, si wa madiwani.

Mchangiaji (Reading):
Jamani kaka zangu, mnahesabu kura za Wazungu na za kwenu zimelala. Wangapi hapa mnajua kuwa Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kukaa anaruhusiwa kupiga kura huku, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola? Hata wa viza ya kazi. Mkongo na Mrundi hawamo, mpaka wapate uraia. Kujiandikisha ni dakika tano.

Na kitambulisho msisahau, sheria ilianza na uchaguzi huohuo wa 2023. Watu kama 14,000 walikataliwa vituoni na hawakurejea. Mwanangu mmojawapo. Alikwenda na kitambulisho cha chuo, kina picha na kila kitu, akaambiwa hakifai. Mzee wa nyuma yake akatoa kadi ya basi ya wastaafu, akapewa karatasi na penseli iliyofungwa kamba, akaingia kupiga kura. Mtoto alirudi nyumbani amenuna, nikamwambia rudi na pasipoti, akalala.

Mchangiaji (Leicester):
Halafu tunabishania nyumba inayobomolewa. Desemba 2024 serikali ilitangaza kuwa inataka kufuta mfumo huu wa ngazi mbili, wilaya na kaunti ziunganishwe, Suffolk ikiwamo. Ushindi wa kihistoria, halmashauri yenyewe inaondoka!

Mleta mada:
Ndiyo maana nauliza sasa. Wakiunganishwa na Ipswich na kwingineko, diwani atakuwa na watu wengi zaidi wa kuwabishia hodi, na miguu ni ileile miwili.

Mchangiaji (Ipswich):
Dada wa Reading, samahani natoka nje ya mada. Mama yangu ana pasipoti ya Kenya imeisha muda. Inafaa?

Mchangiaji (Reading):
Inafaa, mradi sura bado ni yake. Lakini ajiandikishe kwanza.