Kutoka Dodoma kwenda visiwani kwa boti, tuone viumbe wa baharini: tupange vipi?

Mama Ipagala

Habari zenu wadau. Tuko Dodoma, tunataka kuteremka Dar kwa SGR Ijumaa na kurudi Jumapili jioni. Jumamosi nzima ni ya kisiwani. Tuko sita: watu wazima wawili, watoto watatu (miaka 6, 9 na 13) na bibi yao wa miaka 68, mzima wa afya ila magoti yanamsumbua.

Watoto wamesoma matumbawe na kasa darasani, bahari yenyewe hawajaiona. Kuogelea na samaki wa kukaanga ni vizuri, lakini shabaha yetu ni viumbe: kaa, viti vya pweza (wale viumbe wa umbo la nyota), ndege, na kasa tukijaliwa. Twende Mbudya au Bongoyo? Tuondoke saa ngapi? Boti inakaguliwa vipi na mtu asiyeijua bahari? Naomba majibu ya kina, tarehe bado hatujapanga.

Bamvua

Dada, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukata tiketi, maana tarehe ndiyo jibu la nusu ya maswali yako. Watu wa bara wengi hupanga kwa kuangalia wikiendi gani wana nafasi, wakifika pwani wanakuta maji yamejaa hadi kwenye miti na hakuna cha kuona zaidi ya mawimbi. Panga kwa mwezi wa angani kwanza, treni baadaye.

Dar maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku hizo maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa dakika 40 hadi 50. Wiki moja baadaye yanakuja maji mafu: yanajaa asubuhi, yanakupwa alasiri, lakini yanapanda na kushuka kidogo tu, na viumbe wa kwenye tambarare la mchanga wanabaki wamefunikwa.

Kwa kundi lenu ningechagua Jumamosi inayoangukia siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Bamvua bado lina nguvu, na kupwa kumesogea hadi kati ya saa tano na nusu na saa sita na nusu mchana. Hapo mnaondoka saa mbili asubuhi maji yakiwa bado ya kutosha, boti inasogea karibu na ufuko na bibi anashuka bila kutembea mbali majini. Maji yanashuka mkiwa kisiwani. Saa moja kabla ya kupwa na saa moja baada yake ndiyo muda wenu wa kutembea na kutazama. Saa nane na nusu au tisa maji yamepanda tena, boti inawafuata karibu, mnarudi.

Anayefuata kalenda ya Kiislamu aanze kutazama tarehe 16 na 17, au tarehe 2 na 3, kisha ahakikishe kwa jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, lipo mtandaoni bure. Soma saa na kimo pia. Kupwa kwa mita 0.3 na kupwa kwa mita 1.2 ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mtu anayetafuta kiti cha pweza.

Kuhusu kisiwa: boti za Mbudya huondokea Kunduchi na huchukua kama dakika 15 hadi 20, za Bongoyo huondokea Msasani, pale Slipway, karibu nusu saa. Vyote viwili ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna ada ya kuingia. Ulizeni kama ada ya raia ni tofauti na ya mgeni, bebeni vitambulisho na mdai risiti. Kwa watoto wadogo nachagua Mbudya, safari ni fupi.

Fundi wa Kunduchi

Naongezea upande wa boti. Usikague rangi, kagua haya.

Jaketi okozi kwanza. Kila mtu awe na lake, na la mtoto liwe la mtoto, kilo zimeandikwa ndani ya kola. Mvalishe, funga vifungo vyote, kisha mshike mabegani kwenye jaketi na umnyanyue kidogo. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, litamvuka majini. Sponji ikiwa imebonyea na hairudi, au inamomonyoka ukiiminya, hiyo haielei tena hata kama kitambaa ni kipya. Jaketi lililofungwa kwenye rundo chini ya kiti halina kazi. Mvae mkiwa bado mchangani, na mnaporudi vilevile, maana wengi huvaa wakati wa kwenda na kuyakalia wakati wa kurudi.

Idadi ya abiria: chombo kilichokaguliwa kina cheti cha TASAC (shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini) na idadi kinayoruhusiwa kubeba. Omba uone, kisha hesabu vichwa, pamoja na nahodha na msaidizi wake. Watoto nao ni vichwa. Mkiambiwa "msubiri kidogo wengine wanakuja", rudia kuhesabu wakishafika.

Mashine: mwambie nahodha aiwashe kabla hamjapanda. Nyuma ya injini kuna tundu dogo linalotoa mchirizi wa maji. Mchirizi ukitoka kwa nguvu, mashine inapoozwa. Ukiwa hafifu au haupo, mara nyingi mchanga umeziba njia au pampu imechoka, na itazima kwa joto mkiwa katikati. Tazama pia kamba nyekundu ya kuzimia mashine, ifungwe kwa nahodha muda wote, ili akianguka injini izime yenyewe badala ya boti kumzungukia. Mafuta yawe ya kwenda, kurudi na theluthi ya akiba. Makasia, nanga yenye kamba, ndoo ya kuchotea maji yanayoingia na simu yenye chaji viwepo. Boti ikiwa na maji ya kufika kwenye vifundo kabla hamjaondoka, tafuteni nyingine.

Bei: kubalianeni kama ni boti nzima au kwa kichwa, saa ya kurudi, na kama ada ya hifadhi imo au haimo. Lipeni nusu, nusu iliyobaki mkirudi. Ugomvi mwingi wa pale ufukweni unatokana na saa ya kurudi kutotajwa.

Ndege wa Bahi

Mama Ipagala, kuhusu viumbe wenyewe. Kama mna darubini mnayoangalizia ndege kule Bahi, ibebeni. Kati ya Septemba na Aprili kina chekeamwezi waliotoka Ulaya na Asia wako pwani yetu, na maji yakikupwa wanashuka kula kwenye mchanga uliofunuliwa. Kulasitara na membe mtawaona mwaka mzima. Kaeni kimya mahali pamoja, jua likiwa mgongoni. Mkiwafuata wataruka kila mara na hamtaona midomo yao inavyofanya kazi.

Kwenye vidimbwi, mwambie kila mtoto achuchumae na atazame kidimbwi kimoja kwa dakika tano bila kugusa maji. Dakika ya kwanza ni mawe na majani tu. Kisha kome mmoja anaanza kutembea kasi kuliko kome yeyote, na hapo ndipo unagundua kuna kaa ndani aliyehamia nyumba ya mwingine. Jongoo bahari analala kama soseji iliyopakwa mchanga, lakini ukimtazama mdomoni utaona vinyuzi vinaokota mchanga na kuumeza. Nyuma yake kuna vifundo vya mchanga alioutoa, msafi. Kiti cha pweza msimtoe majini kwa ajili ya picha. Anapumua kwa vile vijimiguu laini vya chini na ngozi yake, hewani anaumia hata kama haonyeshi.

Kanyageni mchanga na majani ya bahari tu. Tumbawe linaonekana jiwe, lakini ganda la juu ni wanyama hai, na kisigino kimoja kinaua kilichochukua miaka kukua. Viatu vya raba vyenye soli ngumu ni lazima, kandambili hazifai: zinachomoka kwenye tope, na kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu, miiba yake inakatikia ndani ya nyama. Kwenye maji ya magotini buruzeni miguu badala ya kuinua, ili taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) aliyejifukia asikie na aondoke. Kome wa umbo la koni mwenye madoa mazuri asiokotwe kabisa, ana mshale wa sumu. Na hakuna kuokota chochote cha kupeleka Dodoma, hata ganda tupu, kwanza ni eneo tengefu, pili ganda tupu ndilo nyumba ya yule kaa.

Mbudya kuna kaa wa nazi, kaa mkubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu, anaweza kufika kilo nne. Nisikupe matumaini makubwa: hutoka usiku, mchana hujificha kwenye mapango madogo ya mawe. Mulikeni tochi kwenye nyufa zenye kivuli, msiingize mkono. Gando lake linapasua nazi. Watoto watafurahi kujua kwamba akishakuwa mkubwa hawezi kuogelea, ukimtupa baharini anakufa maji.

Kasa huibuka kuvuta pumzi kwa sekunde chache tu. Mwombeni nahodha apunguze mwendo karibu na matumbawe, na mtu mmoja atazame kila upande. Boti ikikimbia hamtaona kitu, na panga la mashine (propela) ndilo hatari yao.

Mama Ipagala

Nashukuru sana ndugu zangu, nimeanza kuangalia kalenda ya mwezi. Mawili yamebaki. Bibi atapandaje botini kwa magoti yale? Na kuna jirani anasema tuvuke Zanzibar tukaone kobe wa kisiwa cha Changuu, ni bora?

Mtoni Unguja

Shikamoo kwa bibi. Changuu ni pazuri, ila kwa wikiendi yenu moja sikushauri. Boti ya Dar hadi Unguja ni kama saa mbili, halafu boti ndogo kutoka Mji Mkongwe dakika 20 hadi 30, halafu kurudi. Watoto watachoka na bibi zaidi. Mkipata siku nne, njooni.

Kobe wale ni wa Aldabra, wanne wa mwanzo waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Wengine wameandikwa umri kwa rangi mgongoni, watoto hupenda kusoma. Mlisheni majani mnayopewa na walinzi tu, msogeleeni kwa mbele akuone, na mtoto asikalie gamba. Mle ndani bibi atatembea bila shida, tabu ni kushuka botini maji yakiwa yamekupwa, maana hata huku bamvua ni lilelile. Na mifuko ya plastiki acheni Dodoma, Zanzibar imepigwa marufuku tangu zamani, kabla hata ya bara mwaka 2019.

Bamvua

Bibi apande wa mwisho na kushuka wa kwanza, boti ikiwa imeshikwa na watu wawili, mmoja kila ubavu. Apande kwa nyuma pembeni ya mashine ikiwa imezimwa, au ubavuni kwa kigoda kigumu kilichokanyagwa vizuri mchangani. Muulizeni nahodha kigoda siku moja kabla, wengi wanacho. Akae kwanza ukingoni, ageuze miguu yote miwili ndani, ndipo asimame. Asivute mkono wa mtu, ashike bega. Mkeka au mto wa kukalia ni muhimu, boti ikipiga wimbi kipigo kinapanda mgongoni. Yeye na mtoto wa miaka 6 wakae katikati kuelekea nyuma, mbele ndiko kunarushwa zaidi.

Msimu: Juni hadi Agosti kusi linavuma, na alasiri bahari inachafuka. Machi mwishoni hadi Mei ni masika, maji ni ya tope na hamtaona chini. Oktoba na Novemba upepo umelegea, ukiepuka siku za mvua ya vuli, na Februari kuna kaskazi lakini asubuhi mara nyingi ni tulivu. Ijumaa jioni soma taarifa ya bahari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikitaja upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita mbili, msiende, hata kama nahodha anasema ni kawaida.

Kichefuchefu: dawa ya safari inyweni nusu saa hadi saa moja kabla ya kupanda, ya mtoto muulizeni mfamasia kipimo kwa kilo zake. Asubuhi chai na mkate vinatosha, chipsi mayai ziachwe. Mtu akianza kubadilika rangi atazame mstari wa bara, asiiname kwenye simu. Na joto la Dar si la Dodoma, jasho halikauki, kwa hiyo bebeni lita mbili za maji kwa kila mtu mzima na lita moja na nusu kwa mtoto, kisiwani hakuna kisima. Ukishapata tarehe iweke hapa pamoja na kimo cha maji kilichoandikwa kwenye jedwali, tukusaidie kupanga saa ya kuondoka Kunduchi.