Mke mjamzito ana pumu, mama kamwambia aache dawa ya kila siku. Nifanyeje?

Fundi_Makambako:
Wakuu habari za jioni. Mke wangu ana pumu tangu utotoni. Mwaka jana daktari alimwanzishia inhela ya kahawia, avute asubuhi na jioni hata akiwa mzima, na ya bluu akibanwa tu. Tangu hapo usiku tukawa tunalala. Sasa ana mimba ya miezi minne. Mama yangu kamwita pembeni, kamwambia dawa za kila siku zitamdhuru mtoto, abaki na ya bluu maana ndiyo inayofanya kazi. Mwenyewe naye kaanza kuiruka ya kahawia. Baridi ya huku mnaijua, juzi kifua kimepiga filimbi mpaka alfajiri. Tarehe ya kliniki bado. Nimsikilize nani, na nisimvunjie mama heshima?

MamaWawili:
Pole kaka. Mimi ni mgonjwa wa pumu na nimezaa wawili, wote nikiwa kwenye dawa. Asiache! Mama akikosa hewa na mtoto anakosa. Kliniki walinieleza kwamba kwa wajawazito kama theluthi pumu huzidi, theluthi hupungua, waliobaki haibadiliki. Mimba ya kwanza nilipata nafuu, ya pili ilinikomesha.

Mzee wa Habasoda:
Habasoda na asali, kijiko asubuhi na jioni. Hizo inhela ukizianza hutoki.

Tabibu_Kata:
Mzee, asali kwenye chai haina neno, ila usimtoe mjamzito kwenye dawa.

Fundi, pumu ni uvimbe ndani ya njia za hewa. Ya bluu, salbutamoli, inalegeza misuli iliyobana. Nafuu inakuja ndani ya dakika chache, baada ya saa nne hadi sita nguvu imekwisha na uvimbe uko palepale. Ya kahawia ndiyo inayoushusha, polepole, kwa wiki kadhaa. Ukiivuta husikii chochote, ndiyo maana watu wanaidharau. Ni steroidi kweli, yaani dawa ya kushusha uvimbe ambayo wengi huiogopa, lakini dozi yake ni ya maikrogramu na inakwenda mapafuni, kinachofika kwenye damu ni kidogo. Wanaoiacha ndio tunaowapokea usiku na kuwapa prednisoloni, steroidi ya vidonge, ambayo dozi yake ni miligramu na inazunguka mwili mzima. Kwa hiyo anayeikimbia steroidi anaishia kumeza nyingi zaidi.

Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA hautaki mtu mzima atibiwe kwa ya bluu peke yake. Na kwa mjamzito, pumu iliyoachwa ndiyo inayoongeza hatari ya presha ya mimba, mtoto njiti na uzito mdogo.

Arudie dozi yake leo. Kesho aende kituoni, asingoje tarehe. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, au midomo ikibadilika rangi, ni hospitali saa hiyohiyo huku anavuta ya bluu njiani.

Fundi_Makambako:
Ahsante sana Tabibu. Analalamika dawa inaishia mdomoni, na kuna kipindi ulimi ulifanya utando mweupe.

Tabibu_Kata:
Huo ni fangasi. Asukutue na kutema kila akivuta ya kahawia. Kuhusu kuishia mdomoni, tafuta chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, safi na kavu. Toboa kitako, tundu lishike mdomo wa inhela bila kuvuja. Atikise inhela, abonyeze mara moja, avute taratibu kupitia mdomo wa chupa na kushika pumzi kama sekunde kumi. Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto wenye pumu na ikafanya kazi vizuri.

Shangazi_Tanga:
Mwanangu, mama usibishane naye. Mwombe amsindikize mkwewe kliniki, nesi aseme yeye akiwa amekaa hapohapo. Akirudi atakuwa ndiye wa kumkumbusha dawa, nawajua wenzangu. Halafu niambie, na baridi hiyo mnaota moto wapi?

Fundi_Makambako:
Jiko la mkaa shangazi, tunaliingiza chumbani.

Shangazi_Tanga:
Haya! Toa hilo jiko usiku huu, nunua blanketi jingine.

Tabibu_Kata:
Naunga mkono. Hata asingekuwa na pumu, hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu usingizini.