Supamaketi inajengwa karibu na duka langu Buswelu, naombeni ushauri

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina duka la rejareja huku Buswelu, Mwanza, vitu vya kawaida tu, unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupima na uwakala wa miamala. Sasa hapo barabarani kuna supamaketi kubwa inamaliziwa na mwenye fremu anataka kodi ya mwaka mzima kabla hata sijaona hali itakuwaje. Nimejaribu kushusha bei ya sukari na mchele nikaona faida inakatika kabisa, maana wale wanachukua mzigo kwa bei ambayo mimi siipati, mimi nafuata jumla mjini na nauli ya bajaji juu. Najua supamaketi za Kenya, Nakumatt na Uchumi, walikuja bongo wakafunga na maduka madogo ya mtaani ya kina Mangi bado yapo, ila hilo halinilipii kodi. Wateja wangu wengi ni wa robo na nusu, na wale wa daftari mpaka mwisho wa mwezi, huko hawakopeshwi.

Mnaouza karibu na supamaketi, bidhaa zipi zilidoda kwanza na zipi zinatembea mpaka leo? Na kodi nilipe mwaka au nimbembeleze mwenye fremu apokee ya miezi 3 kwanza?