Hao ndege weusi wakubwa wenye koo jekundu ni hondohondo au?

Mtoto_wa_Magu: Wakuu habari za jioni, juzi nilienda kwetu Magu kusalimia alfajiri nikasikia mlio mzito kama ngoma ya mbali, kutoka nje nakuta ndege wanne weusi wakubwa kuliko bata mzinga wanatembea zao shambani, bibi akasema hao wanaita mvua usiwatupie mawe. Ni ndege gani?

Sangara2: Hondohondo wa ardhini hao mkuu, wengine wanawaita mumbi. Koo jekundu tupu ni dume, ukiona na doa la bluu huyo jike. Wanakula panzi, mijusi, hadi nyoka!

mama_Igoma: Si ndo wale dume anamziba mke kwa udongo ndani ya shimo la mti? Wivu gani huo 😂

Sangara2: Hapana dada yangu, hao ni hondohondo wengine, na jike mwenyewe ndo anajiziba. Hawa wa ardhini hawazibi, jike anaatamia kwenye pango la mti mkubwa na kundi zima linamletea chakula. Anataga mayai mawili lakini kifaranga wa pili hufa njaa, anabaki mmoja tu. Sasa sisi huku miti mikubwa tumeimaliza kwa mkaa, watazalia wapi? Toka 2010 wamewekwa kwenye orodha ya walio hatarini.

Mtoto_wa_Magu: Daah, kumbe. Kwetu mbuyu umebaki mmoja, ntaongea na mzee usiguswe.